Mpango wa Kivinjari cha Draku

Mume wangu Draku ni fundi wa simu hapa Arua, na hiyo ndiyo kazi inayotulisha. Jioni anafanya kazi nyingine ambayo hakuna anayemlipa. Yeye na wenzake wanane, waliotawanyika nchi mbalimbali na hawajawahi kuonana, wametengeneza kivinjari cha maandishi matupu: unafungua mtandao bila picha wala madoido, maneno tu. Kinakwenda hata kwenye kompyuta kuukuu, na wasioona wanakipenda kwa sababu kompyuta huwasomea maneno hayo kwa sauti. Nimemwambia mara nyingi kwamba mimi ni mke wa pili, wa kwanza ni hicho kivinjari. Hucheka kidogo, halafu anaendelea kubonyeza.

Mwezi wa tano walimwachia kazi ya kuandika mpango wa mwaka mzima. Mambo makubwa yalikuwa mawili. Moja ni JavaScript, yaani zile amri ndogondogo zinazoufanya ukurasa utende kazi ukibonyeza, ambazo kivinjari chao hakizielewi. Jingine ni namna ya kuusoma ukurasa wenyewe, kujua kipi cha kuonyeshwa na kipi kimefichwa. Kila mmoja alitaka lake litangulie. Waliandikiana wiki tatu, watu wazima wanabishana mpaka nikachoka mimi nisiyehusika. Draku alikonda. Macho mekundu, chakula kinapoa mezani, ukimwita anajibu, "Bado kidogo." Bado kidogo ya mume wangu naijua mimi. Mwishowe wakakubaliana, mpango ukaandikwa, naye akalala siku nzima ya Jumapili kama mgonjwa.

Jumatatu yake Mwalimu Kiden wa Koboko akampigia simu. Kiden alikuja kutoka Sudan Kusini akiwa anaona vizuri. Macho yalimwishia huku, na kazi ya shule ikaondoka nayo. Alikuwa ameomba nafasi katika chuo kimoja cha Kampala, asomee kufundisha watoto wasioona. Ana miaka arobaini na tano, na chuo hakichukui aliyezidi hapo. Mwakani hawezi kuomba tena. Ombi alilijaza kwa kivinjari cha Draku.

"Baba Yakani," alisema, akimwita Draku kwa jina la mtoto wetu, nami nasikia kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika, "majina imetoka. Yangu hakuna. Lakini mimi nilituma. Nilisikia kabisa, asante, ombi lako limepokelewa."

Draku akaufungua ule ukurasa. Hakujaza jina, hakubonyeza chochote. Akateremka mpaka mwisho, na pale chini ya kitufe cha kutuma palikuwa pameandikwa: Asante, ombi lako limepokelewa.

"Sasa inamshukuru nani na wewe hujatuma kitu?" nikamuuliza.

Akanieleza polepole, sauti haina nguvu. Maneno hayo yapo kwenye ukurasa tangu mwanzo, yamefichwa. JavaScript ndiyo inayolituma ombi, na likishakwenda ndiyo inayoyafunua. Kivinjari chao hakiwezi kutuma, na kilichofichwa hakikijui, kinamwaga vyote. Kiden alibonyeza, hakuna kilichokwenda, akateremka akasomewa shukrani. Draku alikiandikia chuo saa hiyohiyo. Kesho yake jibu likaja: maombi yamefungwa.

"Mpigie umwambie," nikasema.

"Hapana. Jambo kama hili haliendi kwa simu."

Hapo sikumbishia. Kwetu, ukimharibia mtu, unakwenda kukaa mbele yake useme. Tukafunga kibanda chake cha simu, tukapanda pikipiki, tukafika Koboko mgongo unaniuma. Nilikuwa na hasira naye na nilimhurumia, vyote pamoja, na sikuwa na nguvu ya kuchagua kimoja.

Kiden alitukaribisha kwa viti na chai. Draku hakunywa. Alieleza yote bila kuzunguka, na Kiden akasikiliza huku akipapasa ukingo wa kikombe chake.

"Hii kosa," akasema, "nyinyi mulijua lini?"

Nilitamani mume wangu adanganye, Mungu anisamehe.

"Miaka miwili," akasema Draku. "Kuna mtu alituandikia. Tukasema tutalifanya baadaye."

"Na sasa iko kwa mpango yenu?"

"Iko, Mwalimu."

"Nisomee. Yote, toka juu."

Draku akatoa simu. Akasoma: la kwanza, JavaScript. La pili, kukumbuka kurasa ulizofungua. La tatu, rangi za maandishi.

"Rudia ya tatu."

"Rangi za maandishi."

Kiden akakiweka kikombe chini. Nilimtazama Draku, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane niliona aibu kuwa mke wake. Yeye alikuwa ameinama, simu iko mkononi.

"Endelea, Baba Yakani," akasema Kiden. "Yangu bado hujafika."

Draku akaendelea kusoma. Lake, lile la maneno yaliyofichwa, lilikuwa la kumi na moja, na Kiden aliyasikiliza yote kumi yaliyolitangulia bila kumkatiza tena.