Hotuba Yangu Kwenye Posa ya Watu

Aibu nyingine mtu huzifukia mwenyewe zikaisha, lakini hii yangu ina mashahidi nusu ya mji wa Malindi, kwa hiyo afadhali niisimulie kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa mwingine akaitia chumvi (na wala haihitaji chumvi).

Ilikuwa miaka ya themanini, nimetoka bara, nimeteuliwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu huko pwani, na kabla ya masomo ya mwaka mpya kuanza ilinibidi niwakaribishe walimu na wafanyakazi, watu ambao sikumjua hata mmoja ila naibu wangu, Bwana Kazungu. Paa la ukumbi wetu lilikuwa likiezekwa upya, basi Kazungu akaazima ukumbi mjini, nyuma ya soko, akaniambia, "Nisubiri pale kituo cha petroli, nitakuja kukuchukua." Nikasubiri. Kazungu haji. Jua linanichoma, suti inanibana, na mimi kuchelewa hunitia homa, ndipo nikaamua niende mwenyewe, maana nyuma ya soko ni mahali gani pa kumpoteza mtu mzima mwenye digrii mbili.

Nikaona turubai mbele ya nyumba kubwa, viti vimepangwa, watu wamependeza, na mbele yao kiti kitupu chenye mto, nikajua ndio ukumbi wenyewe. Mzee wa makamo akainuka akanipa mkono.

"Karibu sana, bwana. Wenzako wako nyuma?"

"Wanakuja," nikasema, nikimfikiria Kazungu.

Nikanyunyiziwa marashi, nikaletewa halua na kahawa, ubani unafuka, nami moyoni nasema kumbe wafanyakazi wa pwani wanajua kumpokea mkuu wao, huko nilikotoka hata kikombe cha chai niliomba. Nilipomaliza halua yule mzee akasema, "Haya, bwana, tunakusikiliza." Nikasimama.

Nikawashukuru. Nikasema najua kabla yangu alikuwapo mwingine, nikimfikiria mkuu aliyenitangulia, na kwamba aliondoka vibaya, lakini mimi sikuja kuchunguza nani alikosa. (Baadaye niliambiwa kuwa binti wa nyumba ile alikuwa na mchumba aliyevunja uchumba, na jambo hilo halitajwi pale hata kwa kunong'ona.) Wazee wakainamisha vichwa. Mimi nikadhani ni unyenyekevu, nikaongeza sauti. Nikasema nitamwita kila mmoja wao faraghani, wake kwa waume, nijue uwezo wake, na asiyeniridhisha nitamrudisha alikotoka.

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akauliza taratibu, "Mshenga gani huyu?"

Yule mzee, ambaye ndiye baba wa binti, akanikazia macho. "Bwana, wewe umetumwa na upande wa mume?"

"La, nimetumwa na wizara."

"Wizara ndiyo inayoposa?"

Papo hapo washenga wenyewe wakaingia, wamevaa kanzu na makoti, wanawake nyuma yao na sinia vichwani. Mkubwa wao akaniona nimesimama mahali pake, makombo ya halua kwenye tai. Akamgeukia baba wa binti.

"Kumbe mmeshampokea mwingine. Basi sisi tunawatakia heri." Wakageuka.

Jamani, hasira niliyokuwa nayo siku ile, na sikujua nimkasirikie nani, Kazungu, soko, au miguu yangu. Nikawakimbilia hadi barabarani, nikamshika yule bwana kanzu, nikamwambia sitaki mke, mke ninaye. Mmoja wao akasema, "Basi anatafuta wa pili." Kila nilivyoeleza nilizidi kuzama, na nyuma yangu nyumba ile nzima imetoka nje, nasikia binti wa watu analia, na kulia kule ndiko kulikonikata maini kuliko kicheko chochote.

Ndipo Kazungu akatokea anahema, na nyuma yake walimu na wafanyakazi wote, waliokuwa wakinitafuta mji mzima. Hivyo ndivyo walivyomwona mkuu wao mara ya kwanza, kanzu ya mtu mkononi, anabembeleza posa isiyo yake.

Kazungu akawaeleza. Yule mshenga mkubwa akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akamwambia baba wa binti, "Huyu hana hila. Ni mgeni tu." Wakarudi ndani, na posa ikakubaliwa. Mimi nikapelekwa ukumbini, nyumba ya tatu kutoka pale, na hotuba yangu haikuvuka sentensi ya kwanza kwa vicheko.

Nilikaa chuo kile miaka, na jina langu likawa Mshenga, hata wapishi waliniita hivyo. Walimu vijana walipotaka kuoa walikuja kuniomba nikawasemee. Niliwakatalia wote. Hata mwanangu alipofika umri, alikwenda kusemewa na mjomba wake, mimi nikabaki nyumbani nimefunga mlango.