Mtani Wangu na Ndege ya Waya

Watu wakisikia kwamba miaka ya hamsini niliongoza kilabu ya ndege za kuchezea pale Mbeya, wanacheka. Chekeni. Hata wakati ule walicheka. Seremala mzima, mwenye mke na watoto, anasimama katikati ya uwanja ameshika nyaya, anazungushwa na kidude kinachonguruma kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Lakini nawaambia mapema: kidude kile kilimpeleka mtu gerezani, na mtu huyo alikuwa mtani wangu. Aliyempeleka sijamsamehe, na msinihubirie.

Nasema mtani wa kweli, si wa kuchekeana njiani. Mimi Mhehe wa Iringa, yeye Mngoni wa Songea. Babu zetu walichinjana, sisi wajukuu tukaachiwa matusi. Mngoni anaweza kuingia kwangu, akafunua chungu, akala nyama yote, akanivua kofia na kuondoka nayo, nami sina ruhusa ya kununa. Nikinuna, mimi ndiye mshenzi. Yeye naye kwangu vivyo hivyo.

Tulikutana uwanja wa ndege wa Mbeya. Mimi nilitumwa kutengeneza milango ya stoo, yeye alikuwa mfanyakazi wa pale. Kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe na mbuzi wasikanyage njia ya ndege, kupandisha kwenye mlingoti soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakovuma, na kupampu mafuta kutoka kwenye mapipa. Aliposikia lafudhi yangu tu akapaza sauti, "Jamani, fungeni mbwa wenu, mla mbwa amefika!" Nikamjibu, "Babu zako waliiba ng'ombe nchi nzima, wewe unalipwa kuwafukuza. Kweli ukoo wenu umekwisha." Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hatukuachana.

Injini niliipata kwenye takataka. Mzungu mmoja aliyekuwa anahama aliniita nimpigilie masanduku ya mizigo, na asichotaka kusafiri nacho akakirundika uani. Ndimo nilimoikuta, injini ndogo kama kidole gumba, pamoja na gazeti lililochanika lenye michoro ya ndege. Nilipasua mianzi ya kwetu Iringa, ile ya kugema ulanzi, nikachonga mbavu za mabawa, nikazifunika kwa karatasi nyembamba na kuzipaka gundi hadi zikakaza kama ngoma. Mngoni akaja kuangalia. "Wenzako wanakunywa ulanzi," akasema, "wewe unataka kuurusha. Mhehe analewa hata bila kunywa." Lakini yeye ndiye aliyekesha na ile injini mpaka ikawaka.

Ndege yenyewe ilikuwa ya waya. Inafungwa nyaya mbili nyembamba bawani, wewe unashika kishikio katikati. Ukiinua kishikio inapanda, ukikilaza inashuka, na muda wote inakuzunguka, nawe unageuka nayo. Mara ya kwanza kizunguzungu kilinipiga nikaanguka chali, ndege ikajichimbia kwenye matope. Mngoni alisimama juu yangu akapiga saluti. "Rubani wa Wahehe," akasema, "anatua kwa mgongo."

Tukawa wanaume sita, pamoja na dereva wa lori la Iringa na fundi cherehani mmoja. Kwanza tulijiita chama. Karani mmoja akatuonya: chama, miaka hii ya siasa? Mnataka polisi? Basi tukajiita kilabu, na wake zetu wakaamini tumefungua kilabu cha pombe. Mke wangu alinifuata uwanjani siku moja amekunja kanga kwa vita. Aliponikuta nazunguka na ndege alisimama, akaangalia, akasema afadhali ingekuwa pombe.

Halafu akaja Bwana Uwanja. Ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyesimamia uwanja ule, mtu mwekundu, mwenye sauti ndogo na uso usiocheka. Alisikia mngurumo akafikiri ni ndege inayoanguka. Alipoona ni sisi aliona haya kwa kuwa alikuwa amekimbia, na mkubwa akiona haya mbele yako, utailipia. Kesho yake akaanza kutuletea sheria.

Tusirushe siku ya ndege ya abiria. Sawa. Tupandishe bendera nyekundu. Fundi cherehani akaishona. Watazamaji wakae nyuma ya kamba. Tukanunua kamba. Nyaya zisizidi urefu fulani, tukazikata, ndege ikawa inazunguka karibu mno hata macho yanauma. Tukizoea sheria moja anakuja na nyingine, kama mtu anayemnyima mbwa mfupa kwa kuuinua kila anaporuka. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua, lakini nilizimeza. Nilikuwa nasema "Ndiyo bwana" huku meno yanasagana. Nilitaka kurusha ndege. Nilitaka kitu kimoja tu maishani ambacho hakikuwa mlango wa mtu mwingine.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyoua. Kila ndege iandikwe jina la mwenyewe ubavuni, ifungiwe kwenye stoo ya uwanja, na asiichukue mtu yeyote isipokuwa mwenye jina. Akaeleza kwamba ndege inayochukuliwa na yeyote itarushwa na yeyote. Ilikuwa na akili, sikatai. Ufunguo wa stoo ile ulikuwa mmoja, na aliutunza mtani wangu, kwa sababu humo ndimo yalimokaa mapipa ya mafuta. Naye aliishi kwenye chumba cha uwanja, yeye na mke wake na watoto. Kazi ikienda, paa nalo linakwenda.

Mwaka huohuo mama yangu akafa. Habari ilinifikia kazini, nikadandia lori la kwanza kwenda Iringa bila kumuaga mtu. Tukamzika. Baba alikaa kwenye kigoda mlangoni, hali, hasemi, hata maji hataki. Dada zangu walilia mpaka sauti zikakauka. Nyumba ya msiba isiyo na mtani ni kaburi la pili, nyie wa siku hizi hamjui. Nani wa kuwaambia watu wapumue? Ndugu hawezi. Mchungaji ndio kabisa.

Siku ya tatu tukasikia lori. Likasimama, Mngoni akashuka na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi. "Kamwene, wala mbwa!" akasalimia kwa Kihehe kibovu. Akaenda moja kwa moja kaburini, akalipigia kelele. "Mama huyu mjanja! Kasikia nakuja kumla kuku wake, akaona afadhali afe. Amka ulipe!" Dada yangu mkubwa aliyekuwa amezimia asubuhi aliinua kichwa akamtukana. Likawa tusi zuri sana. Watu wakaanza kuguna.

Ndipo akafunua blanketi. Ndege yangu! Ile nzuri kuliko zote, nyekundu, yenye jina langu ubavuni. Nilitaka kumuuliza, lakini dereva wa kilabu alikwisha kuishika mkiani na injini ikalia. Mngoni alisimama katikati ya ua wa msiba akaizungusha juu ya vichwa vya waombolezaji. Wazee walilala kifudifudi. Mama mchungaji aliingia kwenye zizi la mbuzi. Mngoni akapiga kelele kwamba ndiyo ndege iliyomchukua marehemu, na bado ina nafasi ya Mhehe mmoja, nani anapanda? Nikasikia sauti ya ajabu mlangoni, kama mtu anakabwa. Baba alikuwa anacheka. Alicheka, akakohoa, akalia machozi yote aliyokuwa ameyazuia, kisha akaomba ugali.

Ndege ikagonga mti wa mpichi, bawa likavunjika. "Sasa mna misiba miwili," Mngoni akasema, akadai jogoo wake. Nikampa jogoo. Ningempa ng'ombe kama ningekuwa naye.

Tulirudi Mbeya kwa lori lilelile, tunaimba. Askari wawili walikuwa wanamngoja langoni mwa uwanja.

Mshtaki hakuwa mimi. Alikuwa Bwana Uwanja. Alikagua stoo, akakuta ndege haipo, akasema mtumishi wa serikali amevunja amana na kuiba mali iliyokabidhiwa. Nilikwenda kumwona. Nikamwambia mali ni yangu, mimi silalamiki, huyu ni mtani wangu, na ndivyo inavyofanywa msibani. Nikamweleza taratibu kama ninavyomweleza mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimwonyeshe hiyo desturi imeandikwa wapi. Loo! Nilitamani kumpiga randa usoni.

Karani wa mahakama, mtu mwenye huruma, aliniita pembeni. "Fundi," akasema, "hakimu atakuuliza neno moja tu: ulimruhusu? Ukisema ndiyo, kesi imekufa. Na yeye aseme hivyohivyo." Nikamtumia mtani wangu ujumbe huo mahabusu kwa askari niliyemjua. Sijui kama ulimfika. Hilo ndilo limenila miaka yote.

Mahakamani watu walijaa mpaka madirishani, maana mji mzima ulijua ni kesi ya mtani na mtani. Nikaapishwa kwa Biblia. Hakimu, Mzungu mwingine, akauliza kupitia mkalimani kama nilimruhusu mshtakiwa kuichukua ndege. Nikasema ndiyo, kabla sijaondoka. Mimi Mlutheri, mtoto wa mzee wa kanisa, nilidanganya mkono ukiwa juu ya Biblia, na hadi leo sijaomba toba. Bwana Uwanja akainamisha uso. Tumeshinda, nikajua.

Akaulizwa yeye: je, ni kweli ulipewa ruhusa na shahidi?

Alinitazama. Niliona yale macho, nikajua kinachokuja, nikaanza kutikisa kichwa.

"Ruhusa?" akasema. "Mimi? Kwa Mhehe? Tangu lini?" Watu wakaangua kicheko. "Bwana hakimu, huyu anajidai ili aonekane mkubwa mbele yako. Siku Mngoni akiomba ruhusa kwa Mhehe, jua litatokea Songwe, kule linakozama. Nilifungua, nikachukua. Na nguo zake ningechukua kama si chafu!"

Nikapayuka, "Nyamaza, mpumbavu wewe! Funga hilo bakuli!"

Ndiyo kwanza akafurahi. Mnaelewa? Alifikiri namjibu. Alifikiri tuko palepale tulipokuwa siku zote, mimi natukana, yeye anatukana, na watu wanapata nafuu. Akanijibu kwa tusi la mamangu, tamu kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu, hata askari wa mlangoni. Alikuwa anang'aa kama bwana harusi. Hakimu peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anaandika.

Miezi sita, kazi ngumu. Na ajira ya uwanjani imekwisha. Mimi nikaonywa kwa ushahidi wa uongo, nikaambiwa nishukuru. Mkalimani akatuambia tukitoka nje kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nikamwambia mimi seremala: msumeno wangu hukata ukisukumwa, ukirudi haukati kitu. Na huu wenu nao umekata upande mmoja tu.

Mke wake alitolewa kwenye kile chumba wiki ileile. Nilimpakia vyombo kwenye lori la Njombe ili aunganishe kwenda Songea. Nikajaribu kumpa pole. "Niache, shemeji," akasema, bila kunitazama. "Mzaha mzaha hutumbua usaha. Ninyi mmetaniana, wanangu ndio wanaolala nje." Hakuna tusi nililowahi kutukanwa lililofikia hilo.

Bwana Uwanja alinirudishia ndege yangu, na bawa lake lililovunjika, akaniambia mali yangu imepatikana. Alisimama akingoja. Nikasema asante. Ungesema nini wewe? Kilabu ikafa bila kufungwa na mtu. Kila mwanachama alipata dharura nyumbani kwake.

Siku moja nikiwa juu ya lori la mbao nilikiona kikosi cha wafungwa wanaponda kokoto kando ya barabara ya Mbalizi. Nilimtambua kwa mabega. Nikapaza sauti, "Hee, Mngoni! Hatimaye umejifunza kazi!" Nilitaka ajue nipo. Akainua kichwa, meno yakaonekana, na askari akamchapa kiboko cha mgongo, halafu cha pili, kwa kucheka kazini. Lori halikusimama.

Siku ya kutoka kwake nilimngoja langoni tangu alfajiri, nimebeba koti na mkate. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha kumlisha hadi Songea. Akatoka, amekonda, kichwa kimenyolewa chini ya kofia, kifurushi cha nguo kwapani. Nikamvamia. "Wamekuachia?" nikamwambia. "Hata gereza limekutapika!"

Akasimama wima, akavua kofia.

"Shikamoo, bwana fundi," akasema.

Tulikuwa rika moja. Nilifikiri anaanza mchezo, nikangoja. Hakuna kilichofuata. Basi nikampokonya kile kifurushi, nikarudi nyuma nacho, nikamwambia njoo ukichukue kama wewe mwanaume. Yeyote wa kwetu angejua la kufanya. Yeye aliweka mikono ubavuni, vidole vimenyooka, macho chini, akangoja kama anayengoja kupekuliwa. Nikamrudishia. Nikampa koti na mkate, akavipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo kushukuru.

Lori la Njombe lilikuwa limeshaanza kunguruma upande wa pili wa barabara. Aliliangalia, akaniangalia mimi, lakini hakuondoka.

"Bwana fundi," akasema, "naomba ruhusa niende."

Nikampa.