Shangazi Aliyerudi Jikoni

Mke wangu ndiye anayeandika ile tamthilia ya kila siku, ile inayoanza baada ya taarifa ya habari na kuwafanya watu waunguze vyungu. Majirani wanamwita Mama Machozi. Wanadhani kazi yake ni kukaa kivulini na kutunga uongo. Mimi fundi wa friji nikirudi nyumbani na grisi mpaka masikioni, wananipa pole. Yeye akirudi na kompyuta begani, wanamzuia njiani wamwulize nani ataolewa na nani. Pole hajawahi kupewa na mtu.

Tamthilia ya kila siku haina mwisho. Ukishaandika ya leo, ya kesho imeshapiga hodi. Zamani waandishi walikuwa kundi zima, wakigawana kazi na kutaniana. Mmoja akaugua, mwingine akapata kazi ya kufundisha, wengine wakaondoka bila kuaga, na hakuna aliyewekwa mahali pao. Akabaki yeye. Mtayarishaji, ambaye ndani ya nyumba yetu jina lake ni Bwana Kesho, alimwahidi likizo msimu ukiisha. Msimu ukaisha Ijumaa, mwingine ukaanza Jumatatu. Nilimchukia yule bwana, sifichi, na mpaka leo nikimwona kwenye televisheni akipokea tuzo nabadilisha stesheni.

Kilichoniumiza si uchovu wenyewe. Mimi pia nachoka, nalala, naamka mzima. Yeye alikuwa anaisha. Mwanamke niliyemwoa alikuwa akisimama foleni benki, akitoka ana visa vya watu wote waliokuwa mbele yake, mpaka nasema basi jamani, mbavu sina. Sasa alikula amesimama. Simu ikilia alishika kifua. Aliingia bafuni, nikangoja kusikia maji, nisisikie kitu; nikifungua namkuta amekaa kwenye kigoda na nguo zake zote, anatazama ndoo. Na kila nililomwambia alinijibu kwa neno moja, lile analowajibu wakubwa zake kazini. Chai imepoa. "Nitarekebisha." Mvua inakuja. "Nitarekebisha."

"Acha kazi," nikamwambia siku moja. "Tutakula ninachopata."

"Nikiacha nitakuwa nani?"

"Mke wangu."

"Hiyo nayo kazi," akasema, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akitania.

Basi nikawa na ombi moja tu moyoni, atoke pale kabla hajakwisha kabisa. Kwa nguvu, kwa kufukuzwa, kwa lolote.

Sasa, kwenye hiyo tamthilia kulikuwa na Shangazi, bibi mwenye maneno makali aliyependwa na nchi nzima. Mwigizaji wake aligombana na Bwana Kesho, na Bwana Kesho akaamuru Shangazi afe. Mke wangu alimwua kwa uchungu. Aliandika ugonjwa, kifo na maziko, na alipofika kwenye maziko alilia kwelikweli, mimi nikimshika bega. Watu walivaa nyeusi mtaani. Hilo lilipita, miezi ikapita.

Jioni moja nimekaa sebuleni, naangalia ile tamthilia huku nakaza skrubu za feni. Mle kwenye televisheni mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia Shangazi. Hakuwa mzimu wala ndoto. Alikuwa na kanga kiunoni, akafunua sufuria, akamgombeza binti wa nyumba kwa kukata vitunguu vikubwa vikubwa. Binti akamjibu, "Samahani, Shangazi." Skrubu iliniponyoka. Mtaa mzima ukapiga kelele, nyumba hadi nyumba.

Nilikwenda chumbani. Mke wangu alikuwa anaandika.

"Shangazi si alikufa?"

Uso ukampauka mara moja. "Nilimzika," akasema. "Nilimzika mwenyewe."

Alikuwa amesahau. Alihitaji mtu wa kumgombeza binti, mkono ukamwandika Shangazi kama ulivyozoea. Usishangae ilipitaje. Pale hawarekodi kwa mpangilio. Matukio yote ya jikoni ya wiki nzima hurekodiwa siku moja, na mwigizaji hupewa kurasa zake tu. Anayepanga ratiba aliona jina la Shangazi, akampigia simu yule mama mwigizaji. Yule mama akadhani amesamehewa, akaja mbio na kufunga mdomo wasije wakabadili nia. Mwongozaji akadhani ni tukio la zamani linakumbukwa. Mhariri wa picha akadhani mwongozaji anajua. Kila mtu alikuwa amechoka mno hata kuuliza, na maiti ikapita mikononi mwao wote mpaka sebuleni kwetu.

Kesho yake aliitwa ofisini. Nilimsindikiza mpaka getini, na naapa, moyoni nilikuwa na sherehe. Unga umemwagika, nikajisemea, alhamdulillahi. Nilikwenda kununua godoro jipya ili alale wiki nzima.

Alirudi ameshika shada la maua.

"Wamekufukuza na maua?"

"Watu wamepiga simu usiku kucha," akasema. "Kituo hakijawahi kupata watazamaji wengi hivyo. Bwana Kesho amesema mimi ni kichwa. Amesema ni mimi tu ningethubutu."

"Ukamwambia kwamba ulisahau?"

"Nilimwambia. Akacheka. Alidhani namtania."

Alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na juu yake akatwikwa mzigo mwingine. Sasa alitakiwa aeleze Shangazi alitokaje kaburini, na aandike tamthilia ya pili, ya Shangazi peke yake. Nikauliza kuhusu likizo. Akasema baada ya hiyo. Nilipiga ngumi mlango wa kabati mpaka ukapinda, naye hakugeuka hata kuutazama. Alikaa, akafungua kompyuta, akaanza.

Mchana wote niliacha friji za watu nikakaa naye chumbani. Nilimletea chakula, akasema asante bila kukiona. Ilipofika alasiri alinyoosha vidole, vikalia, akanigeukia kwa upole ambao sikuuona siku nyingi. Nikadhani amerudi.

"Jumapili nitapumzika," akasema. "Twende kwa mama. Nimemkumbuka sana. Nataka anisuke."

Anayemsuka ni mama yangu. Walipendana hao wawili mpaka nikawa naona wivu. Na mama yangu tulimzika mwaka jana. Siku hiyo ya maziko Bwana Kesho alipiga simu, akataka kurasa zake kabla ya jioni, na mke wangu akaketi nyuma ya nyumba juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, anaandika. Mwili ulipotoka nilikwenda kumwita. Alinyoosha kidole bila kuinua kichwa, kwamba ningoje kidogo. Tulikwenda kuzika bila yeye.

Ningesema sawa, Jumapili ingefika na angevaa viatu.

"Mama hayupo," nikasema. "Alishafariki, mke wangu."

Hakupiga kelele. Aliweka mkono mdomoni, macho yakawa yanatafuta kitu ukutani. Nilimwona anarudi nyuma siku baada ya siku, anapekua, hapati.

"Nilikuwepo?" akauliza.

"Ulikuwepo."

"Nililia?"

Kwa mara ya kwanza tangu msimu ule uanze alikuwa ananitazama mimi, si kitu kingine.

"Ulilia kuliko sisi wote," nikasema.

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema, akaigeukia kompyuta.