Tundu Moja la Sindano

Mimi ni mshonaji wa kofia. Kofia za mkono, zile za vitundu vidogovidogo, ambazo wanaume wa mji wetu wa Bagamoyo huvaa Ijumaa na siku ya kuoa. Kazi hii ina adabu yake: kitundu ukishakitoboa, sindano inarudi hapohapo, tena na tena, mpaka ukingo ukaze. Anayerukaruka anaharibu kitambaa. Mama yangu alinichapa vidole kwa hilo, nami nikanyooka.

Basi nilipoanzishiwa insulini sikutetemeka kama wenzangu. Mwanamke wa sindano aogope sindano? Nilichagua pahala pangu, kushoto kwa kitovu, nikachoma hapo asubuhi na jioni. Baada ya muda hapakuuma kabisa. Nikajisifu kwamba nimezoea.

Lakini sukari haikushuka. Hospitali walinipandishia dozi, wakapandisha tena, wapi! Macho yakaingia ukungu, hata kutunga uzi ikawa lazima nimwite mtu. Kofia ya mjukuu wangu anayeoa ikalala kikapuni, nusu imeshonwa. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Macho yakienda, mimi nitakuwa nani?

Nyumbani hukumu ilishatoka. Binti yangu, ninayekaa naye, alisema nakula halua kwa siri. Akafungia kabatini sukari, asali na tende, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Mimi, niliyemnyonyesha! Nilinuna hadi wageni wakaona.

Tukaenda pamoja kwa daktari bingwa wa kisukari na homoni, mwanamke mdogo kuliko binti yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hata sijakaa, binti yangu akadakia: "Daktari, mwambie aache halua!"

Daktari akanigeukia mimi. "Mama, hebu nionyeshe unapojichoma."

Nikafunua. Akapapasa taratibu kwa vidole. Pale pangu palikuwa na uvimbe laini, wa kadiri ya andazi dogo, nami nilidhani ni unene tu.

"Dawa inaishia humu," akasema. "Ukichoma pahala pamoja kila siku, mafuta ya chini ya ngozi yanavimba, na dawa haifiki vizuri kwenye damu. Hapa usipaguse tena. Hamahama, mama: upande wa kulia, mapajani, kila mara achana na tundu la jana. Na sindano iwe mpya kila unapochoma."

"Na halua je?" akauliza binti yangu.

"Halua sijaiona hapa. Nimeona uvimbe."

Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Nilimtazama binti yangu, naye akatazama viatu vyake. Nilifurahi, sifichi.

Daktari akanipunguzia dozi, kisha akatuonya sote wawili: sasa dawa itafanya kazi kwelikweli. Nikitoka jasho, nikitetemeka, nikishikwa na njaa ya ghafla, nipime. Sukari ikiwa chini, ninywe maji ya sukari papo hapo, na baada ya robo saa nipime tena.

Siku chache baadaye, karibu na adhuhuri, nilikuwa nashona barazani. Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, kofia ikaniponyoka. Nikaita. Binti yangu akaja mbio na kipimo. Sukari ilikuwa imeshuka. Akashika pindo la khanga kutafuta ufunguo. Fundo lilikuwa limekaza. Akalivuta huku na huku, mwisho akalifungua kwa meno. Akakoroga sukari kwenye maji, akanishika kisogo, akaninywesha kama nilivyokuwa nikimnywesha uji.

"Kunywa, mama. Kunywa yote."

Nilikunywa yote. Tulipopima tena, sukari ilikuwa imepanda. Yeye akalia, mimi nikacheka.

Daktari alipopata habari akanipunguzia dozi tena, na sukari haijashuka hivyo tangu siku ile. Macho yalisafika taratibu, sasa uzi nautunga mwenyewe. Mjukuu alioa na kofia yangu kichwani. Na ule ufunguo uko mlangoni pa kabati mpaka leo, hakuna aliyeutoa.