Zamu Niliyokataa Kula

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Waswahili wa Stockholm ni wachache na midomo yao ni mingi. Nina miaka themanini na nne, ni mhandisi mstaafu, mgane, naishi Rågsved, pembezoni mwa jiji. Moyo wangu umechoka, na daktari amenishauri kwa upole nimalize mambo yangu mapema. Jambo langu ni moja, nalo linahusu hisa.

Nilifika hapa kutoka Tanzania mwishoni mwa miaka ya sitini kusomea uhandisi. Kwa mazoezi ya kazi nilipelekwa kwenye kampuni ndogo iliyokuwa ndani ya jengo la zamani la kufulia nguo. Walikuwa wakitengeneza pampu ya kumwingizia mgonjwa dawa kidogo kidogo, kazi ambayo manesi waliifanya kwa kukodolea macho matone. Nilijua kitu kile hakitabaki mle ndani. Kampuni ilipoanza kuuza hisa kwa umma, niliwaita wanafunzi wenzangu wanne, Watanzania watatu na Mkenya mmoja, Wekesa, tuanzishe klabu ya hisa kama zile Waswidi walizokuwa nazo makazini. Kila mwezi tuchange kidogo kutoka kwenye posho, tununue, na tusiguse kwa miaka mingi. Wote walikubali papo hapo. Nilipaswa kujua kwamba mtu anayekubali haraka hivyo hajasikiliza.

Watanzania wenzangu walikuwa wajamaa wa mdomoni. Jumapili walisimama mikutanoni kuapa kwamba mirija ya wanyonyaji itakatwa, Jumatatu wananiuliza mrija wetu umetoa nini. Haukutoa kitu. Kampuni haikulipa gawio. Faida yote iliirudisha kwenye utafiti. Niliwaeleza mpaka koo likanikauka.

"Kwa hiyo faida inapata?" Wekesa aliuliza.

"Inapata."

"Na sisi ndio wenyewe?"

"Kwa sehemu ndogo, ndiyo."

"Sasa mbona haitupi? Ndugu, hii si kampuni, hawa ni wakwe. Ni kupeleka tu."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakaigeuza klabu kuwa upatu. Kila baada ya miezi kadhaa fungu moja kati ya matano liuzwe, na mmoja wetu ale zamu yake. Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Wa kwanza alinunua suti na redio ya kaseti. Wa pili alimtumia baba yake, naye mzee akaongeza mke. Wa tatu, ukimuuliza baadaye alifanyia nini, alitazama dari. Wekesa zamu yake iliangukia wakati mafuta yamepanda bei duniani na hisa zimeporomoka. Nilimsihi asubiri. Akasema zamu ni zamu, akauza, akanunua gari kuukuu, na serikali ndiyo kwanza imeanza kugawa petroli kwa kadi. Alikuja nalo chini ya dirisha langu akapiga honi.

"Shuka, Ndugu Bepari, uone faida. Hii angalau inatoa moshi."

"Hongera."

"Na wewe yako utauza lini?"

"Siuzi."

"Kwani umefunga?"

Sikuuza. Pampu zikaingia hospitali nyingi, kampuni ikajenga kiwanda, hisa moja ikagawanywa kuwa kadhaa, na baada ya miaka zikagawanywa tena. Sikujinunulia chochote. Niliendelea kuishi kwenye nyumba ya kupanga, nikifungua ukurasa wa hisa gazetini kila asubuhi na kuwafikiria wale wanne. Hilo ndilo lilikuwa gawio langu. Naungama mbele yenu: kuwadharau kulinishibisha kuliko fedha, na mpaka leo bado kunanishibisha.

Watatu wameshafariki. Amebaki Wekesa, dereva wa basi mstaafu, anaishi Husby. Kila Jumamosi anavuka jiji zima na chupa ya uji, anabadilisha treni katikati, anapanda ngazi zangu akihema. Wahudumu wanaokuja kuniogesha ni watu wema, lakini wanazungumza Kiswidi. Binti yangu anaishi mbali, naye pia hunijibu kwa Kiswidi. Kiswahili changu kimebaki kwa mtu aliyeuza bei ikiwa chini kabisa.

Mwezi uliopita binti yangu alipokuja kunitazama aliropoka mbele ya Wekesa kwamba zile hisa bado ninazo. Wekesa akaweka kikombe chini.

"Kumbe zamu yako hukukula."

"Sikuila."

"Basi mzunguko haukuisha. Na kama haukuisha, chama bado kiko. Na kama chama kiko, hizo ni zetu."

"Wewe ulikula yako ukapiga honi."

"Nilikula fungu, Ndugu. Sikujitoa. Kuna siku niliaga?"

Nilimwita mjinga. Akanimiminia uji. Jumamosi iliyofuata akauliza tena, bila hasira, na hapo ndipo anaponiudhi.

"Nipe hata moja, bwana mkubwa. Hii sitauza."

Simwamini. Kisheria hana chake, na hilo analijua. Binti yangu naye amesema wazi kwamba atauza zote nikishazikwa, maana anaona ni ukaidi wa mzee tu. Kwa hiyo kazi ya maisha yangu yote italiwa na mtu asiyejua ilikuwa kazi gani, na anayejua ni mpumbavu aliyeikimbia.

Nikimpa hata hiyo moja, nitakuwa nimekiri kwamba mpumbavu huyu alikuwa mwenzangu muda wote huu. Nisipompa, atarudi na chupa yake, aulize tena, mpaka Jumamosi atakapokuta kitanda kimetandikwa. Msinihubirie kusamehe, hakuna aliyeniomba msamaha. Nishaurini hili tu: nimpe hisa, au nife peke yangu nikiwa na haki?