Koti la Mwalimu wa Kemia

Kidato cha pili kizima walimwita Kimya. Nyumbani kwa mama yake, fundi cherehani, alipiga soga mpaka wateja wakasahau walichofuata. Shuleni mambo yalikuwa mengine: ukishavuka geti ni Kiingereza tu, na anayeteleza anaingia kwenye daftari la makosa. Kukiandika, Kimya aliwapita wenzake wote. Kukisema ndiko kulikomshinda. Wiki ya kwanza alikosea neno moja, darasa likaangua kicheko, naye akafunga mdomo. Walimu wakadhani ni adabu, wakampa ukiranja.

Siku moja maabara, mwalimu wa kemia alikuwa akifundisha kujikinga na moto. Pindo la koti lake jeupe likagusa kichomeo cha gesi. Wanafunzi arobaini wakauona moshi, na hakuna aliyesema kitu. Kila mmoja alikuwa akitunga sentensi ya Kiingereza kichwani. Mvulana wa mbele alinyoosha mkono, akaushusha. Hakuwa na hakika kama kwa Kiingereza aseme koti linaungua au limeungua. Mwalimu akamsifu kwa kujaribu.

Kimya akasimama. "Samahani mwalimu, koti lako linaungua," akasema, kwa Kiswahili.

Mwalimu alilivua, akalikanyaga mpaka likazima. Kisha akafungua daftari la makosa, akaandika jina la Kimya. Adhabu ilikuwa kufagia uwanja siku tatu.

Siku ya tatu mwalimu alimfuata uwanjani, akamuuliza kwa nini wengine walinyamaza. Kimya akamweleza. Mwalimu akakuna kidevu, akatazama huku na huku.

"Mwanangu," alisema, naye kwa Kiswahili, "mimi nina miaka tisa hapa. Kwenye kikao cha walimu sijawahi kuchangia hata neno." Vikao navyo viliendeshwa kwa Kiingereza.

Wakakubaliana: kila Alhamisi baada ya masomo, maabara, Kiingereza kibovu ruksa, kucheka marufuku. Walianza wawili. Muhula ulipokwisha walikuwa ishirini na mmoja, akiwemo mwalimu wa hisabati, aliyedai amepita tu kuchukua chaki. Kimya ndiye aliyekosea zaidi ya wote, kwa kuwa ndiye aliyesema zaidi.

Alipomaliza kidato cha nne alienda kusailiwa chuo cha uuguzi. Alijieleza kwa Kiingereza dakika kumi. Mara mbili alijisikia anakosea, akaendelea. Wakamchukua.