Dawa ya Meno ya Shangazi Mkubwa

Ukoo mmoja ulitoa watawa wawili, wote dada za baba mwenye nyumba, ukaridhika kwamba mbinguni sasa una watu wa kuusemea. Duniani, hata hivyo, watu hao walikuja likizo siku kumi kila mwaka, na nyumba nzima ikashika adabu kwa lazima. Baba alihamishia chupa zake kwa jirani. Alfajiri Shangazi Mkubwa alipiga makofi mlangoni, watoto wakapiga magoti sebuleni macho yamefumbwa, na Shangazi Mdogo, aliyesali nyuma yao, akawatekenya nyayo. Aliyecheka alikemewa na Mkubwa. Mdogo alibaki ameinamisha kichwa, kama si yeye.

Mkubwa ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu ya nyumba ya watawa, na fundi wake pia. Akifika tu, kabla hata ya kunywa maji, alifungua boneti ya gari la baba na kuguna. Baba, ambaye ofisini aliwafokea makarani kumi, alisimama kando amemshikia spana.

Aliyenaswa na mambo ya Mkubwa ni binti wa kwanza wa baba, ambaye siku hizi wote wanamwita Fundi kwa sababu anashona nguo katika chumba chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alitangaza kwamba naye ana wito. Wito aliokuwa nao ulikuwa wa kuendesha pikapu, ila hakujua tofauti. Mkubwa mwenyewe alimdhamini kwa Mama Mkuu wa watawa.

"Huyu ni damu yangu," alisema. "Hataniangusha."

Fundi alidumu utawani siku kumi na moja. Pikapu hakuigusa. Alipewa viazi amenye, kimya, mpaka kengele ilie, na Fundi tangu azaliwe hajamenya hata kiazi kimoja bila kusimulia jambo. Siku ya kumi na mbili aliacha kikaratasi juu ya kitanda: "Shangazi, natoka kidogo kununua dawa ya meno. Narudi sasa hivi." Akaelekea langoni na sanduku lake kichwani. Mlinzi alimtazama, akalitazama sanduku, akafungua lango bila kuuliza neno.

Miaka ishirini na saba ikapita, na Mkubwa hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Hapo ndipo penye shida, maana angegomba, yangekwisha. Badala yake, kila likizo, asubuhi ya kwanza, alitoka bafuni na taulo begani na kuuliza nyumba nzima, "Jamani, humu ndani hakuna dawa ya meno?" Fundi alitamani ardhi ipasuke. Utani huo, au kinyongo? Uso wa Mkubwa haukusema kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Fundi aliusubiri mshindo huo miaka yote, akiamkia haraka haraka na kukimbilia jikoni. Alimpenda mno shangazi yake, na aliona haya kumtazama.

Ndipo siku moja Shangazi Mdogo akaingia kwenye chumba cha ushonaji na furushi kwapani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mkubwa anatimiza miaka hamsini ya utawa. Anataka kanzu mpya ya sherehe, na anataka uishone wewe."

"Amesema mimi?"

"Kasema, 'Mpelekee yule.' Yule si ndiye wewe?"

"Atakuja lini nimpime?"

"Yuko chini ya pikapu, hana nafasi. Pima kwa hii ya zamani."

Neno "yule" lilimkaa Fundi moyoni kama mwiba. Alitandaza kanzu ya zamani mezani, akapekua mifuko kwanza, maana fundi anayejua kazi hapimi nguo yenye vitu ndani. Mtawa ameweka nadhiri ya ufukara, hana kabati la siri. Mali yake yote imo mfukoni. Humo mlikuwa na rozari, spana ndogo, peremende tatu, na kikaratasi ndani ya kipande cha nailoni. Mwandiko ulikuwa wa Fundi mwenyewe. Mikunjo ilikuwa imebandikwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai, na juu yake selotepu nyingine, mpya.

Alikaa kwenye kigoda akalia. Mteja aliyefuata suruali yake alichungulia, akaamua kurudi kesho.

Kisha akaanza kuwaza, maana hata polisi hutunza karatasi. Mkubwa aliiweka kwa mapenzi, au kama ushahidi? Kuuliza hakuthubutu. Alishona kanzu, akaongeza kina cha mfuko, akahamishia humo kila kitu. Juu yake akatia dawa ya meno, ile kubwa.

Siku ya sherehe, baada ya misa, ndugu walipanga mstari ukumbini kutoa pongezi. Zamu ya Fundi ilipofika, Mkubwa aliingiza mkono mfukoni kutafuta peremende ya kumpa, na mkono ukasita. Akaitoa dawa ya meno mbele ya Mama Mkuu na watu wote. Shangazi Mdogo akainamisha kichwa.

"Dukani kulikuwa na foleni?" Mkubwa aliuliza.

"Ndefu sana, Shangazi. Nisamehe."

"Nilikukasirikia siku mbili. Ya tatu nikaanza kukukumbuka, na mpaka leo sijaacha." Alimvuta akamkumbatia, kisha akamnong'oneza, "Na ule wito wako wa pikapu, bado unao?"

Kumbe Mkubwa alijua tangu mwanzo.

Watu wakiwa wanasubiri keki, wawili hao walikuwa nje. Mkubwa alipanda upande wa abiria, akakunja kanzu yake mpya isiguse grisi, akampa funguo.

"Kanyaga klachi," alisema. "Na safari hii urudi."